Familia Ikiitwa Misheni ya Ng'ambo: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kukata Tiketi

Mwongozo huu ni wa mume na mke Wakristo ambao wameomba kwa muda, na sasa wanaamini Mungu anawatuma pamoja na watoto wao kutumika ng'ambo. Nimeuandika kwa macho ya mtu wa Tanzania anayekaa kwenye kamati ya misheni, lakini majirani zetu wa Kenya wataona mambo mengi ni yale yale, ofisi tu ndizo zinabadilika majina.

Kutuma watu si jambo geni kwetu. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Boga nchini Kongo mwaka 1896, na kazi hiyo ndiyo iliyobeba maisha yake mpaka alipofariki mwaka 1933. Ila Apolo hakuwa na mke wala watoto wa kuhamisha, na hakuna aliyemdai bima ya afya mpakani. Familia ya leo inaondoka ikiwa imebeba shule, mkopo wa nyumba, mama mzazi mwenye presha na kikundi cha vikoba. Hayo yasipopangiwa mtu wa kuyabeba, yataifuata familia huko huko.

Mwaka 1997 yalitoka matokeo ya utafiti wa Jumuiya ya Kiinjili Duniani uliouliza, katika nchi 14, kwa nini wamisionari wanarudi kabla ya wakati. Kwa nchi zilizoanza kutuma siku za karibuni, Ghana na Nigeria zikiwamo, sababu iliyokaa juu kabisa ilikuwa ukosefu wa msaada kutoka nyumbani. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zinafanyika kijijini kwenu na usharikani kwenu, kabla ubalozi haujaguswa.

Hatua ya 1: Mume na mke, kila mtu na karatasi yake

Kabla mchungaji hajaambiwa, kila mmoja aandike peke yake: ninaitwa kufanya nini, kwa watu gani, na ninaacha nini hapa. Halafu mbadilishane karatasi. Mara nyingi baba atakuwa amejaza ukurasa mzima, na mama ameandika mistari mitatu, wa mwisho ukisema "nitamfuata mume wangu".

Mkifika hapo, simameni. Huko mnakokwenda baba atakuwa na ofisi, wafanyakazi wenzake na watu wanaomwita mchungaji. Mama atakuwa kwenye nyumba ya kupanga katikati ya baridi, hana lugha, hana jirani wa kuomba chumvi, na huenda visa yake haimruhusu hata kuajiriwa. Kama hana kazi yake mwenyewe aliyotumwa kuifanya, miezi ya mwanzo itammaliza, na yeye akivunjika safari imekwisha. Someni Matendo 18 mkiwa pamoja. Akila na Prisila walishona mahema pamoja, na walimfundisha Apolo wa Aleksandria pamoja. Jina la mama liandikwe kwenye barua ya wito na kazi yake ielezwe: shule ya Jumapili, uuguzi, vikundi vya wanawake, chochote ambacho yeye mwenyewe amekitaja.

Watoto wadogo huhama bila matata makubwa. Aliye sekondari ni habari nyingine. Kwa maoni yangu, familia yenye mtoto aliyebakiza mwaka kumaliza kidato cha nne isubiri. Mungu aliyewaita hatapungukiwa na miezi kumi na miwili. Na mtoto mkubwa aulizwe maoni yake, asijulishwe tu tarehe ya safari.

Hatua ya 2: Wazee wa pande zote mbili

Hatua hii wengi hupenda kuiruka kwa kisingizio kwamba wazazi ni watu wa dunia, hawataelewa. Wataelewa wakiheshimiwa. Nendeni kwa miguu yenu, msipige simu. Elezeni, kisha kaeni kimya msikilize. Swali la mama mkwe halitakuwa la theolojia. Atauliza: "Mwanangu, nikiugua usiku nani atanipeleka hospitali?" Hilo linataka jibu lenye jina la mtu na namba ya simu.

Kaeni na ndugu zenu mgawane: nani anamwangalia baba, nani analipia bima ya wazazi, nani ana sauti msiba ukitokea. Na msiba usemwe waziwazi. Tiketi za watu watano kurudi kuzika hazitapatikana kila mara, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba akifariki mzazi atakuja mmoja, na fedha ya tiketi hiyo iwekwe pembeni tangu mwanzo. Kama kuna salio la mahari, malizeni. Nasema kwa uzito kabisa: deni la mahari lina tabia ya kukumbukwa siku ya kuaga.

Hatua ya 3: Kanisa liwaite pia

Katika Matendo 13 Barnaba na Sauli walikuwa katikati ya kazi ya kanisa la Antiokia pale Roho aliposema watengwe. Kanisa likafunga, likaomba, likaweka mikono, likawaachilia. Familia isiyojulikana kwa utumishi wowote usharikani isitegemee kuwekewa mikono kwa ajili ya nchi ya mbali. Kama mna shauku ila hamjawahi hata kuongoza jumuiya ya nyumba kwa nyumba, anzeni hapo.

Mkiwa tayari, andikeni barua kwa mchungaji, na muiombe ipite ngazi zake: baraza la wazee, jimbo, dayosisi, au ngazi zinazolingana na hizo kwenye dhehebu lenu. Urasimu huu unachosha, nakubali. Lakini saini hizo ndizo zitakazodaiwa na ubalozi baadaye, na mtu aliyesaini atajisikia ana deni kwenu mtakapokwama.

Njia za kutumwa ni kadhaa, na kila moja ina malipo na mipaka yake. Ya kwanza ni ubadilishanaji baina ya makanisa. Dayosisi kadhaa za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ni wanachama wa shirika la UEM lenye makao Wuppertal, Ujerumani, ambalo tangu 1996 ni umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani. Kwa njia hiyo wachungaji wa Kitanzania wamehudumu katika sharika za Kijerumani wakiwa na mkataba, mshahara na nyumba. Kwa familia inayotoka mara ya kwanza, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Ya pili ni mashirika ya misheni ambayo sasa yanapokea familia za Kiafrika, lakini mengi hutaka mjichangishie gharama zote. Ya tatu ni kwenda kwa taaluma: daktari, mhandisi au mwalimu anayeajiriwa kihalali na kushuhudia kwa maisha yake. Kwa nchi zisizotoa visa za wamisionari, hii ya tatu ndiyo njia pekee ya kweli.

Kuna na ya nne, ambayo inakua haraka. Wakongomani na Warundi wengi waliokaa miaka mingi katika makambi kama Nyarugusu, Kigoma, wamehamishiwa Marekani, na wameanzisha ibada za Kiswahili huko. Wanahitaji wachungaji kwelikweli. Ila jueni mnachoitiwa. Kulea Waswahili ugenini ni utumishi kamili, wenye vilio na mizozo yake ya vizazi viwili, lakini haufanani na kwenda kwa Wamarekani wenyewe. Familia iliyoaga ikisema "tunakwenda kwa wasiomjua Kristo", kisha ikatumia miaka mitatu kusuluhisha kwaya mbili, itarudi na maelezo magumu.

Hatua ya 4: Jueni sheria ya mahali

Msichague nchi kwa picha. Ombeni kanisa linalowapokea liwaandikie kwa undani: kazi gani, saa ngapi kwa wiki, nyumba ipi, mkubwa wenu ni nani, mnaweza kuhubiri wapi na wapi haparuhusiwi. Ikiwezekana mmoja wenu, na ningependa awe mama, aende kutazama kwa wiki mbili.

Chukueni Oman, ambako Waswahili tuna ndugu wengi wa damu na wa lugha. Wakristo wa kigeni huko huabudu kwa uhuru katika viwanja vilivyotengwa, kama vile Ruwi na Ghala mjini Muscat, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani. Lakini kuwahubiria Waislamu ili wabadili dini kumekatazwa. Morocco nayo ina kifungu cha kanuni ya adhabu, cha 220, dhidi ya kuitikisa imani ya Mwislamu kwa vishawishi. Anayekwenda huko akidhani ujanja utamfikisha anawaponza waumini wenyeji ambao hawana pasipoti ya kukimbilia nayo.

Hatua ya 5: Makaratasi

Anzeni mwaka mzima kabla. Pasipoti ya kila mtoto inadai cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na ndoa, na ni hapo familia nyingi hugundua kwamba jina la baba limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti cha mtoto wa pili. Cheti cha ndoa ya kanisani kihakikiwe kama kimesajiliwa RITA. Hati ya polisi ya tabia njema, inayochukuliwa kwa alama za vidole, ina muda wa kutumika, hivyo iwe ya mwisho mwisho. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi yake ya njano siku hizi ni ya maisha yote, msikubali kuuziwa mpya.

Kwa Marekani, visa ya mtumishi wa dini ni R-1. Maombi yanaanzia kule: kanisa la Marekani ndilo linalowasilisha fomu I-129. Mwombaji awe amekuwa mshiriki wa dhehebu hilo kwa miaka miwili mfululizo kabla ya maombi, na kazi iwe ya saa 20 kwa wiki au zaidi. Ruhusa ya kwanza hufika miezi 30, na jumla haizidi miaka 5. Mke na watoto walio chini ya miaka 21 wasiooa wala kuolewa hupata R-2, ambayo inaruhusu kusoma na kukataza kazi ya mshahara. Ndiyo kusema bajeti ya familia ni ya mshahara mmoja. Aidha, tangu 2025 Marekani imebadilisha masharti kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika zaidi ya mara moja. Someni tangazo la ubalozi wiki ile mnayoomba.

Uingereza ina visa mbili za aina hii. Ya Religious Worker haizidi miezi 24. Ya Minister of Religion ni ndefu zaidi, na inadai Kiingereza cha kiwango cha B2, yaani cha juu ya wastani. Zote mbili zinataka kanisa lenye leseni ya udhamini, kwa hiyo swali la kwanza kwa kanisa linalowaalika ni kama lina leseni hiyo. Lisipokuwa nayo, mwaliko wao ni salamu tu. Mtanzania au Mkenya anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa pia kifua kikuu, kwenye kliniki zilizoidhinishwa na serikali ya Uingereza.

Kisha kuna tozo ya afya ambayo imewakata wengi maini. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka, na hulipwa yote mbele. Wazazi wawili na watoto watatu kwa miaka miwili ni pauni 8,796, kabla ya ada za visa na kabla ya tiketi. Tozo hiyo iandikeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Mambo mawili ya haraka. Yeyote anayeomba fedha ili awaandikie "barua ya mwaliko" ni tapeli, hata kama karatasi yake ina msalaba juu. Na msiende kwa visa ya utalii mkikusudia kubaki kutumika.

Hatua ya 6: Fedha

Tunajua kuchanga kwa tukio. Harambee ya Jumapili moja inaweza kutoa tiketi za familia nzima, kwaya ikiimba na mgeni rasmi akipanda dau. Lakini kodi ya nyumba ya mwezi wa kumi na nne haina kwaya. Kwa hiyo tafuteni watu wa ahadi ya kila mwezi, hata ya shilingi elfu tano, na muwaandike majina. Watu mia wa elfu tano wana uzito kuliko mfanyabiashara mmoja aliyeahidi laki tano, kwa sababu biashara yake ikiyumba mnayumba naye. Wafilipi walimtumia Paulo mahitaji zaidi ya mara moja. Mkiisoma ile sura ya nne mtaona ni kanisa moja lililoshikilia.

Ahadi ni za shilingi na kodi ni ya euro au dola, basi wekeni akiba ya kushuka kwa shilingi. Fedha zipite kwenye akaunti ya kanisa yenye watia saini wawili au zaidi, si kwenye simu ya baba. Kabla ya kuondoka pawepo akiba isiyoguswa ya tiketi za kurudi kwa wote na matumizi ya miezi mitatu.

Kuna wanaouliza: kama kanisa la Ulaya linalipa mshahara, kwa nini tuchange? Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Kenya, alitaka wamisionari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea. Maneno yake yalizua kelele kubwa. Sisi tunaotuma leo tunaweza kumjibu kwa vitendo: hata kama mshahara unatoka huko, usharika wa nyumbani ulipe angalau kitu kimoja kinachoonekana, tuseme bima ya wazazi au ada ya mtoto aliyebaki bweni.

Msisahau uzee. Mwanachama wa NSSF anahitaji michango ya miezi 180 kupata pensheni, na mkiondoka mkiwa na miezi mia na kidogo, hesabu inasimama. Nendeni ofisi ya mfuko wenu mkaulize utaratibu wa kuchangia kwa hiari mkiwa nje, na kanisa lilipe kama sehemu ya mkataba. Kiwanja kilipiwe kodi ya ardhi. Mtu mmoja apewe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, yenye mipaka. Andikeni wosia, na mtaje ndani yake atakayelea watoto. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mke mjamzito. Mwaka ule ule akamzika mkewe na binti yao mchanga. Siku hizi hatari ni barabara kuu na magonjwa mengine, lakini wosia bado unahitajika.

Hatua ya 7: Mafunzo na lugha

Shahada ya theolojia haifundishi kuishi kati ya watu wengine. Kanisa la Africa Inland Kenya lina chuo cha wamisionari Eldoret kwa ajili hiyo. Ulizeni huko, au kwenye shirika linalowatuma. Lugha waanze wote wawili, darasa moja, hapa hapa: Kijerumani Goethe-Institut, Kifaransa Alliance Française, zote zipo Dar es Salaam na Nairobi. Ada ya mama isiwe ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Jizoezeni pia kushangaa kimyakimya. Ibada itakuwa ya saa moja kamili. Mtoto wa miaka ishirini atamwita askofu kwa jina lake la kwanza. Mazishi yatafanyika wiki mbili baada ya kifo, bila mkesha, na watu watarudi kazini mchana. Kaeni mwaka mzima mkiuliza maswali kabla ya kuwahubiria kuhusu hayo.

Ujerumani shule ni lazima na kufundishia watoto nyumbani hakuruhusiwi, hivyo nafasi ya shule itafutwe mapema. Nyumbani ongeeni Kiswahili, na bibi apigiwe simu kwa Kiswahili, hata mtoto akijibu kwa lugha ya shule.

Hatua ya 8: Simu kutoka nyumbani

Mwezi wa pili zitaanza. Binamu ana ada, shemeji ana pikipiki, mtu aliyesoma nanyi darasa la tatu ana mradi wa kuku. Kwao mko Ulaya, mna fedha. Kabla ya kuondoka, mume na mke mkubaliane kiasi cha kutuma nyumbani kila mwezi, kipitie kwa ndugu mmoja wa kila upande, na kiasi hicho kisemwe kwenye kikao cha familia mbele ya wazee. Ombi jingine lolote lipelekwe kwa ndugu huyo. Mtaitwa wachoyo kwa muda. Familia ambayo haikuweka utaratibu huu huishia kukopa ugenini ili ionekane tajiri nyumbani.

Usharika nao umteue mtu wa kuwapigia simu kila wiki mbili, asiye mtunza hazina wala mwandishi wa ripoti. Awe mtu ambaye mama anaweza kumwambia kwamba hajalala vizuri mwezi mzima. Barua ya maombi iende kwa washarika kila miezi miwili, na ndani yake muandike pia kilichoshindikana.

Hatua ya 9: Kurudi

Mkataba uwe na tarehe ya kurudi, na kanisa liwe limeandika mtarudi kwenye nafasi gani. Vyeti vya shule vya watoto vipelekwe NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kupata ulinganifu mara tu vinapotoka, msingoje mtoto akataliwe kujiunga. Mwezi wa kwanza mama na baba wasipangiwe mahubiri wala semina. Na miezi sita kabla ya kurudi, mzee wa kanisa mmoja apewe kazi ya kutafuta nyumba ya kupanga ya mwaka na nafasi za shule, na alete taarifa barazani kama mtu anayedaiwa.